Shangazi Ana Kesi na Vasco da Gama

Fomu ya kuombea viza ina mahali panapouliza sababu ya safari. Wengi huandika "utalii" wakamaliza. Shangazi aliandika "kuzuru kaburi". Karani wa dirishani, huko Nairobi, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyehisi msiba, akamuuliza taratibu, "Marehemu ni nani wako, mama?"

"Si wangu," Shangazi akamjibu. "Tunadaiana."

Viza ikatoka. Ilitokaje, waulizwe wenyewe. Mimi nilijikuta uwanja wa ndege wa Lisbon, nikitokea Manchester ninakofanya kazi, nikimpokea mwanamke wa Mji wa Kale wa Mombasa, umri umepita sabini, bui bui mwilini, makubadhi miguuni, sanduku la magurudumu lililojaa chupa za achari, na kesi iliyoiva dhidi ya Vasco da Gama.

Kesi yenyewe inataka maelezo kidogo. Aprili 1498 Vasco alitia nanga Mombasa. Watu wa Mombasa walimtazama wakaona hapana heri, usiku wakatuma waogeleaji wakamkatie kamba za nanga. Akang'oka, akaenda Malindi. Malindi wakampokea, wakamkirimu, wakampa na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Sasa Shangazi ni mtu wa Mombasa, na mumewe, ambaye sote twamwita Ami, ni mtu wa Malindi. Kwa hiyo nyumbani kwao hiyo si historia, ni ugomvi wa ndoa. Stima ikipotea: "Nyinyi si ndio mliompa rubani?" Samaki akiungua: rubani. Mvua ikivuja: rubani. Ami hujibu kwamba mgeni hafukuzwi, kisha huvaa kofia yake akatoka barazani mpaka hali itulie.

Siku Shangazi aliposikia kwamba Vasco amezikwa Lisbon, na kwamba mtu yeyote anaweza kuingia akamsimamia kichwani, alianza kuweka pesa.

"Nitamsomea moja moja," aliniambia kwenye simu. "Wewe kazi yako ni kunifikisha."

Uwanja wa ndege wa Lisbon uko mjini kabisa, na laini nyekundu ya metro inakutoa hapo bila kubishana na teksi. Kadi ya usafiri huuzwa nusu yuro, unaitia pesa, kisha unaitumia kwenye metro, basi na tramu. Ila kila mtu na kadi yake. Nalisisitiza hili kwa sababu geti la metro lilinipitisha mimi, likafunga, likamwacha Shangazi upande wa pili na sanduku limebanwa katikati.

"Umeniacha?"

"Shangazi, geti limefunga. Lataka kadi ya pili."

"Limejuaje kama mimi na wewe si mmoja?"

Askari akaja, akatazama bui bui, akatazama sanduku, akatufungulia mlango wa pembeni huku akisema maneno ambayo hatukuyaelewa. Shangazi akamwombea dua ya watoto wema. Nusu yuro, jamani. Mwenye mashine ya kadi hakuniambia.

Tulikuwa tumepanga chumba Alfama. Hapa lazima nieleze. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, mtetemeko uliibomoa Lisbon. Bahari ikapanda juu ya nchi kavu, na moto ukamaliza kilichobaki. Mji wa chini, Baixa, ukajengwa upya kwa barabara pana zilizonyooka. Alfama kwa sehemu kubwa ilisalimika, ndiyo maana bado ina vichochoro vya tangu enzi za Waislamu walioishika Lisbon mpaka 1147. Vichochoro hivyo vinapendeza sana kwenye picha. Gari halipiti. Mwenye chumba alikuwa ameandika kwamba nyumba iko "dakika chache kutoka kituoni", na kusema kweli zilikuwa chache, ila zote zilikuwa za kupanda.

Njia za Lisbon zimesakafiwa kwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vidogo vya kukaa kiganjani, vilivyopangwa kwa mkono kimoja baada ya kingine. Miguu ya watu imevisugua miaka na miaka vikawa na mng'aro wa sahani ya kauri. Vikipata manyunyu tu, mji mzima unateleza. Gurudumu la kwanza la sanduku lilitoka kwenye ngazi za mwanzo. La pili lilitangulia likashuka peke yake, tukalisikia likienda mpaka mtoni. Kuanzia hapo nilibeba achari ya Shangazi kichwani, na watalii wakanipiga picha.

Yeye alikuwa nyuma, amefurahi. "Mwanangu, hapa ni kwetu! Ona nguo dirishani. Ona wazee wamekaa mlangoni. Ona paka." Nilimwomba avae raba nilizomnunulia, zenye soli ya mpira, akasema makubadhi yake yameshonwa na fundi wa Lamu na hayajawahi kumwangusha. Hayakumwangusha, ni kweli. Yalimteremsha. Alipita kando yangu amesimama wima, bui bui limejaa upepo, anasoma Ayatul Kursi, akaenda kusimamishwa na bibi mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni kwake na kijimeza cha vikombe vidogo. Bibi yule alimkumbatia wasianguke wote wawili, akamketisha, akammiminia kikombe cha kutuliza moyo.

"Sharubati?" Shangazi akaniuliza.

"Ginjinha. Pombe ya cheri, Shangazi."

Akakirudisha kikombe kwa mikono miwili. "Mwambie Mungu amlipe kwa nia yake." Kesho yake alivaa raba. Hatukulizungumza.

Usiku ule ndipo tulipopata somo la mkate. Tuliingia mkahawa wa samaki, mdogo, meza zimebanana. Kabla hatujaagiza hata maji, mhudumu akaja na mkate wa moto, siagi, zeituni, jibini, vikopo viwili vya rojo la dagaa, na sahani ya nyama nyekundu iliyokatwa nyembamba. Ile nyama Shangazi aliijua kwa macho. Aliisukuma kwa ncha ya uma mpaka ikafika meza ya Wajerumani.

Vilivyobaki vikamgusa moyo. "Waona?" akaniambia, tayari anamega. "Hata hawajatuuliza tunataka nini. Hawa wanajua maana ya mgeni. Labda waliofanya mabaya walikuwa mabaharia tu." Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba vitu vile vina bei. Lakini nimwambieje mwanamke wa Kiswahili, mbele ya watu, kwamba chakula alichowekewa mezani asikiguse? Kwanza tumefunzwa kwamba kukataa ni dharau. Akala. Zeituni zilipokwisha mhudumu akauliza kwa mkono kama aongeze, na Shangazi, kwa kumstahi, akakubali.

Kisha likaja lile ambalo sikulitarajia. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Alifungua mkoba, akatoa chupa, akajaza sahani ya zeituni achari ya ndimu na pilipili, akamkabidhi mhudumu kwa mikono miwili. Mhudumu akaipokea, akaipeleka jikoni kwa uso wa mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

Bili ilipokuja, Shangazi alitaka nimsomee. Nikamsomea. Mkate: bei. Siagi: bei. Jibini: bei. Dagaa: bei. Zeituni: bei, mara mbili.

Akanyamaza kidogo. "Na achari yangu wameiandika wapi?"

"Hawajaiandika."

"Basi mwite. Kama ni ukarimu, tumekirimiana. Kama ni biashara, nami ni mfanyabiashara."

Huwezi kuamini, lakini sikuhitaji kumwita mtu. Mpishi alitoka mwenyewe, jasho linamtiririka, macho mekundu, sahani mkononi imeshalambwa nusu, anauliza hiki ni kitu gani na kinapatikana wapi. Wareno ni watu wa pilipili. Walizunguka dunia nzima kuitafuta. Mazungumzo yalikuwa ya mikono na Kiingereza cha kuunga, ila mwisho wake zeituni za pili zilifutwa kwenye bili, na Shangazi akaondoka akiwa ameshinda.

Kwa faida ya mtakaokwenda: vile vitu huitwa couvert, na sheria ya Ureno yenyewe inasema usichokiomba wala kukigusa hulipi. Sema hapana asante, atavichukua na hatanuna. Au nenda na achari.

Jumatatu tuliamka mapema tukaenda Belém, mtaa alikozikwa Vasco, kwa ajili ya kesi. Pamefungwa. Monasteri ya Jerónimos haifunguliwi Jumatatu, na sehemu nyingi za makumbusho mjini vilevile. Shangazi alisimama mbele ya lango lile refu la mawe yaliyochongwa, akalipima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Amejua nakuja," alisema.

Ili siku isipotee nikashauri tupande tramu namba 28, ambayo kila mtu anayekwenda Lisbon lazima ashauriwe aipande. Ni kigari cha njano cha mbao cha miaka ya 1930, kinachopanda vilima na kupita vichochoro ambavyo ukinyoosha mkono unagusa ukuta. Huanzia Martim Moniz, mtaa wenye maduka ya Wabangladeshi na mikahawa ya halali, kwa hiyo tulikula biriani kwanza. Ilikuwa biriani nzuri. Shangazi alisema imepungua ndimu, lakini hilo husema hata ikulu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: tupande, tuzunguke Graça, tushuke Portas do Sol, karibu na chumba chetu, tutazame mto, tulale.

Foleni ilikuwa imezunguka kiwanja. Tulipofanikiwa kuingia, kijana mmoja alimpisha Shangazi kiti, mimi nikasimama, na nyuma yangu dunia nzima ikapanda. Tramu zile zilitengenezwa kwa ajili ya watu wachache wenye kofia na magazeti. Sisi tulikuwa wengi wenye mabegi mgongoni. Kwenye kona kila mmoja alimjua mwenzake kwa harufu. Kulikuwa na tangazo la kutahadharisha kuhusu vibaka, nami nikamwonya Shangazi.

"Pesa zangu ziko kwenye pindo la leso, na leso iko ndani ya bui bui," alisema kwa sauti ya kusikiwa na tramu yote. "Anayezitaka aje na karatasi ya kadhi."

Portas do Sol ilipofika, nilisema samahani kwa Kiingereza, kwa Kireno, kwa Kiswahili. Ukuta wa watu haukutikisika. Kituo kikapita. Nikajaribu cha pili. Kikapita. Tukateremka Baixa, tukapanda Chiado, tukapita Estrela na kuba lake jeupe, na mimi bado nimekumbatia nguzo na Mjapani. Kuelekea mwisho wa njia watu wakaanza kupungua, ndipo Shangazi alipotazama mkoba wake akaona zipu imefunguliwa.

"Nimeibiwa," alisema, akitabasamu.

"Wamechukua nini?"

"Kile kifurushi nilichokifunga kwa foili na mpira."

"Kile kilichokuwa kinene hivi? Kilikuwa na nini?"

"Achari ya pilipili mbuzi. Nilikifunga hivyo isimwagike." Akafikiri kidogo. "Akiifungua kwa meno, Mungu amsaidie."

Tramu ikasimama. Dereva akazima, akatugeukia, akapunga mkono: nje nyote. Hata kama unataka kurudi na tramu hiyohiyo, mwisho wa njia lazima ushuke, upange foleni, ulipe upya. Kituo kinaitwa Prazeres, na ni mahali pazuri tulivu, pana ukuta mrefu na lango kubwa. Shangazi, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi, akapita langoni kutafuta pa kukaa. Nikamfuata.

Ndani kulikuwa na mtaa. Namaanisha mtaa hasa: barabara za moja kwa moja, miti mirefu, na pande zote mbili vijumba vya mawe, kila kimoja na mlango wake, namba yake, jina la ukoo juu yake, vioo mlangoni na mapazia ya lesi yaliyofuliwa. Kimya. Hakuna gari, hakuna mtalii. Shangazi akavuta pumzi.

"Sasa huku ndiko ungenipangia," alisema. "Si kule kwenye ngazi. Ona usafi huu. Ona watu wasiopiga kelele."

Ningemwambia palepale, lakini nami nilikuwa bado nasoma kibao. Alishafika kwa mama mmoja aliyekuwa na ndoo na kitambaa, anafuta kioo cha mlango. Wakasalimiana kwa tabasamu na mkono kifuani. "Muulize kodi ni kiasi gani kwa wiki."

"Shangazi..."

"Muulize!"

Sikumuuliza. Lakini yule mama alijua maneno mawili matatu ya Kiingereza, akaonyesha mlango, akasema kwa upole: baba yangu, mama yangu, kaka yangu. Nikatafsiri kwa sababu nilitumwa kutafsiri.

"Mashallah, familia kamili," Shangazi akasema, akainamia kioo, akaweka viganja pembeni ya macho, akachungulia kwenye nafasi ya pazia ili naye awape salamu.

Ndani ya vijumba vile kuna rafu. Juu ya rafu kuna majeneza.

Sijawahi kumsikia Shangazi akiteremsha sauti namna ile. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akampa yule mama mkono wa pole, mkono wa heshima kabisa, akanishika kiwiko, na tukatembea mpaka langoni kwa mwendo ambao raba zile zilitengenezewa. Makaburi ya Prazeres yamekuwepo tangu 1833, mwaka wa kipindupindu. Ni mahali pa kutembelea, nasema bila mzaha, pana mandhari ya mto na daraja, na hapana foleni. Muhimu ujue tu unapoingia.

Tramu ya kurudi hatukuipanda. Teksi.

Jumanne, Belém tena. Chukueni tramu namba 15 kutoka Praça da Figueira, ile mpya ndefu, au treni ya kando ya mto kutoka Cais do Sodré. Mwendo ni mfupi na mtapata kukaa. Jerónimos lina foleni mbili. Moja ni ya kuingia monasteri, ya tikiti. Nyingine ni ya kanisa peke yake, na siku ile kuingia kanisani kulikuwa bure. Watu wengi husimama kwenye foleni isiyo yao mpaka jua liwachome. Sisi tulisimama kwenye iliyo yetu, na karibu na mlango simu yangu ikalia. Ami.

"Ameshafika kwa yule bwana?"

"Tuko mlangoni, Ami."

"Mwambie asimtaje rubani. Tafadhali. Yule rubani hakuwa hata mtu wetu, alikuwa msafiri."

Nilijaribu kumtuliza mzee. Nilipokata simu Shangazi alikuwa ameshaingia.

Jengo lile, nikwambie, linakufunga mdomo. Nguzo zimechongwa kuanzia chini hadi juu, zinapanda kisha zinatawanyika kwenye dari, na macho yako yanazifuata. Lilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa pesa za biashara ya viungo, yaani kwa njia moja au nyingine, Shangazi angesema, kwa pesa zetu. Makaburi yenyewe hayako mbele madhabahuni. Yako palepale unapoingia, chini ya ghorofa ya waimbaji, moja upande huu na jingine upande ule, yanatazamana. Yote mawili ni ya mawe meupe, juu ya kila moja amelala mwanamume mwenye ndevu, viganja vimekutana kifuani. Vasco yuko kushoto.

Na Shangazi huanza upande wa kulia. Anaingia na mguu wa kulia, anakula kwa mkono wa kulia, anasalimia kuanzia kulia. Akiingia mahali pageni, hageuki kushoto kabla ya kwenda kulia; hivyo ndivyo alivyolelewa.

Niliisikia sauti kabla sijamwona. Si kelele. Ilikuwa ile sauti ya kusomea maulidi, ya chini, yenye mapigo. Alikuwa amesimama kwenye miguu ya yule mtu wa jiwe, karatasi mkononi, na alikuwa anakaribia mwaka 1505.

"...ukaja Mombasa tukakuona moyo wako, ukakamata watu wetu wawili ukawachoma kwa mafuta ya moto wakuambie siri. Hiyo moja. Ulipokwenda ukawaonyesha njia wenzako, akaja Almeida na merikebu akauchoma mji. Hiyo mbili. Elfu moja mia tano ishirini na nane mkarudi mkauchoma tena, kana kwamba..."

Nyuma yake watu walikuwa wameanza kusimama. Kwanza mzee mmoja na mkewe. Kisha mwongozaji mwenye mwavuli mdogo wa rangi, na kundi lake zima. Mzee akavua kofia. Mwanamke mmoja akatoa leso ya karatasi akajifuta jicho. Mimi nikatazama kaburi ili nione kama lile lina merikebu iliyochongwa ubavuni, maana la Vasco lina merikebu.

Lilikuwa na kinubi.

Nikasoma jina. Nikamsogelea, nikamvuta bui bui polepole.

"Shangazi."

"Usinikate. Bado sijafika Fort Jesus."

"Shangazi, huyu siye..."

"Elfu moja mia tano tisini na tatu!" akaendelea, akinipa kisigino. Nami nikasikia yule mwongozaji akiwanong'oneza watu wake kwa Kiingereza kwamba hiki ni kitu cha nadra, mmewahi kuona. Kwamba huyu mama bila shaka ametoka Msumbiji, na anamsomea mshairi mkuu wa Ureno beti zake kwa lugha ya kwao. Watu wakaguna kwa kuguswa. Mmoja alikuwa anarekodi.

Shangazi akashusha 1698, Waomani wanaingia ngomeni baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, akakunja karatasi, akasema, "Nimemaliza, jibu una mpaka Kiyama," na kanisa likapiga makofi.

Alipogeuka akaona umati. Kwa uhodari nisioweza kuueleza, akainamisha kichwa akapokea.

"Wamekubali," aliniambia chini kwa chini. "Wenyewe wamekubali."

"Shangazi, Vasco ni yule pale. Upande wa kushoto. Huyu ni Camões."

"Ni nani?"

"Mshairi."

Nimemwona Shangazi akikutana na msiba, na polisi wa baraza la mji, na mkwe mbaya. Uso ule sijauona kabla. Aliitazama sanamu, akakitazama kinubi, akatazama upande wa pili ambako Vasco alikuwa amelala kwa amani yake yote bila kuguswa na neno hata moja. "Nimemtukana mtunzi wa mashairi," alisema. Kwetu hilo ni zito. Akatafuta pa kukaa.

Mwongozaji alikuwa amekuja kumshika mkono. Akauliza, kupitia kwangu, kama mama anaipenda kazi ya Camões siku nyingi. Nikawahi kuuliza mimi, ili tusijibu: hebu tuelezee kidogo maisha yake. Akaeleza. Kwamba alikuwa askari, akapoteza jicho Afrika Kaskazini. Kwamba akirudi kutoka Mashariki alikwama Kisiwa cha Msumbiji bila senti, mpaka marafiki wakamchangia nauli. Kwamba utenzi wake mkubwa ulichapishwa mwaka 1572, nao unasimulia safari ya Vasco da Gama.

Shangazi akainua kichwa. "Muulize Mombasa ameisemaje."

Nikauliza. Mwongozaji akasitasita, mtu mwenye adabu. Akasema ni ushairi tu, wa zamani. Kwamba katika utenzi huo Mombasa ndipo Vasco alipowekewa mtego, watu wake wamepakwa hila tupu, na Malindi ndipo alipopata mfalme mwema mwenye moyo mkunjufu.

Nikatafsiri neno kwa neno. Shangazi aliinuka. Rangi ilikuwa imemrudi.

"Kumbe!" alisema. "Amekwama pwani yetu hana kitu, pengine amekula na wali wetu, kisha akaenda kutuandika ubaya! Basi sikukosea kaburi. Nimekosea mwaka tu." Akafungua karatasi, akaomba kalamu, akaongeza 1572 kwa mkono wake, na akamrudia Camões dakika nyingine mbili.

Kwa Vasco tulipita mwisho. Mwongozaji alitusindikiza, sasa hataki kutuacha, akatuambia kwamba mifupa ya Vasco ililetwa hapa mwaka 1880 kwa sherehe kubwa, kisha ikagundulika kwamba iliyoletwa si yake, na yake ikaletwa baadaye, 1898. Shangazi alilipokea hilo kwa furaha kuliko kitu chochote alichokiona Ulaya. Alisimama mbele ya merikebu iliyochongwa, akaitafuta sauti yake, ikawa imekauka.

"Wewe," alimwambia, "ulikuwa hapa, umesikia yote."

Tulivuka mpaka kwenye lile duka la vikeki vya mayai ambalo limekuwepo Belém tangu 1837. Alimuuliza mhudumu kwanza kuhusu mafuta, kama Mwislamu yeyote anavyopaswa kuuliza kwenye vitamu vya Ureno, maana viko vinavyotiwa mafuta ya nguruwe. Kisha akasukuma mbali kila kitu kilichokuwa mezani ambacho hakukiagiza, mpaka chombo cha mdalasini, ambacho kwa kweli ni bure. Simu ikalia. Akaipokea mwenyewe, akaweka sauti ya nje.

"Umemsomea?" Ami akauliza.

"Nimemsomea. Kanisa zima limenipigia makofi."

"Allah! Na umemtaja rubani?"

"Sikumtaja." Akanitazama nisiseme kitu. "Lakini nimejua kuna mtunzi wao aliyeandika habari hizo zote kwenye utenzi."

"Akaisemaje Malindi?"

Shangazi alichukua mdalasini, akanyunyiza, akachukua sukari, akanyunyiza.

"Shangazi, Ami anauliza," nikasema.

"Amewasifu," alisema hatimaye.

Upande wa pili kukawa kimya, kisha tukasikia kiti kikiburutwa, mtu anasimama, anaita watu wa barazani waje wasikie. "Hebu rudia! Nani? Jina lake nani? Niletee hicho kitabu! Mwambie kijana aninunulie viwili!"

"Mtandao mbaya huku," Shangazi alimwambia, akaikata, akaagiza vikeki vingine.